Nilirudi nyumbani na vimfuko 19: namna ya kumpa zawadi mtu usiyemjua

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Nkuhungu hapa Dodoma, kazi yangu ni ya ofisini Mtumba. Mwezi uliopita nilitimiza miaka 30. Badala ya sherehe nikaamua kugawa zawadi ndogo 30 kwa watu nisiowajua. Nilikaanga karanga mwenyewe, nikazifunga kwenye vimfuko vya kaki, kila kimoja na kikadi kilichoandikwa "Wewe ni wa thamani". Jumamosi nikaanzia Majengo sokoni, nikapita Jamatini, nikamalizia Nyerere Square. Mama mmoja muuza nyanya alinitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Unagombea nini?" Watu wakacheka. Mtoto alipokea, mama yake akamwambia arudishe. Kijana wa bodaboda alipokea, nilipogeuka nikamwona anazimwaga mtaroni. Mzee mmoja alifurahi kweli, akataka kunipa kipande cha muwa, nikamwambia hapana baba, hii ni zawadi, sitaki malipo. Nilirudi nyumbani na vimfuko 19. Nimeumia sana. Je, watu wetu wamekuwa na roho ngumu, au mimi ndiye niliyekosea? Niendelee au niache?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kutimiza miaka 30. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye muwa. Nitaufikia. Kwanza nikujibu ulichouliza: watu wa Dodoma hawana roho ngumu, na wewe hukukosea kutoa. Ulikosea namna, na namna hufundishika. Usiache.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa zaidi ya miaka 20, Mpwapwa, Kongwa na hapa mjini. Nimegawa blanketi, unga, sare za shule, sabuni. Nimeona mtu akipokea mche mmoja wa sabuni akaondoka anatabasamu, na mwingine akipokea gunia zima la mahindi huku macho yako chini. Kwa hiyo ninapokuambia kwamba uzito wa zawadi hauko kwenye kitu chenyewe, nasema nililoliona.

Tuanze na mama wa nyanya. Swali lake lilikuchoma, naelewa, lakini halikuwa tusi. Yule ni mtu mwenye kumbukumbu. Mji wetu ndio mji wa Bunge na wa vikao vya vyama. Kila uchaguzi unapokaribia, kanga, fulana na pakiti za sukari huanza kutembea mitaani, na anayezigawa huwa anatabasamu kama ulivyotabasamu wewe. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu wagombea kutoa kilichoitwa takrima, kwa hoja kwamba ni ukarimu wa kijadi. Mashirika ya kutetea haki yakafungua kesi, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume na Katiba. Mimi huwa nalisikitikia neno lenyewe. Takrima ni neno zuri, maana yake ni heshima na ukarimu kwa mgeni, na sasa ukilitamka sokoni mtu anasikia rushwa. Mama yule amekaa kwenye meza yake ya nyanya chaguzi ngapi? Amejifunza kwamba mtu nadhifu asiyemjua, mwenye mfuko wa vitu vinavyofanana na maneno matamu yaliyoandikwa, ana jambo analotaka.

Wala si siasa peke yake. Kila anayepanda basi la mbali amesikia habari za abiria aliyekaribishwa soda au biskuti na mtu wa kiti cha pili, akaja kuzinduka hana simu wala pochi. Watoto tunawaambia kila siku wasipokee kitu kwa mtu wasiyemjua. Yule mama aliyemwamuru mwanawe arudishe karanga zako alifanya kazi yake ya uzazi barabara, na naomba siku nyingine umsaidie: kitu cha mtoto kipite mkononi mwa mzazi wake, na mzazi akikataa, mshukuru uende. Halafu kuna karanga zenyewe. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, kwenye nafaka, hasa mahindi, iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tangu hapo wataalamu wa kilimo na afya wamehimiza watu waangalie sana mahindi na karanga, zimekaushwa wapi na zimehifadhiwa vipi. Kimfuko kilichofungwa nyumbani kwa mtu asiyejulikana hakisemi lolote juu ya hayo. Kijana wa bodaboda aliona haya kukukatalia usoni, akangoja ugeuke. Huo nao ni ustaarabu wa aina yake.

Kwa hiyo wote uliowaendea walikuwa na swali moja kichwani kabla hata hawajaziona karanga: huyu anataka nini? Mtu anayempa zawadi asiyemjua ana kazi moja kubwa kuliko kununua na kufunga, nayo ni kulijibu swali hilo kabla halijaulizwa.

Kuna utafiti ambao watu hupenda kuutaja nusu. Watafiti wawili wa Marekani, Amit Kumar na Nicholas Epley, walichapisha mwaka 2022 majaribio kadhaa kuhusu wema mdogo kwa wasiojuana. Moja lilifanyika siku za baridi kali kwenye uwanja wa kuteleza kwenye barafu, katika bustani ya Maggie Daley mjini Chicago. Watu 84 walipewa kikombe cha chokoleti ya moto cha kibanda cha palepale, wakaambiwa wanaweza kunywa wenyewe au kumpa mtu yeyote aliyepo. Watu 75 wakaamua kutoa. Kisha wakaulizwa wanadhani mpokeaji atafurahi kiasi gani, kwenye kipimo cha kuanzia hasi 5 hadi chanya 5. Wakakisia 2.7 kwa wastani. Wapokeaji wenyewe walipoulizwa, wastani ukawa 3.5. Mtoaji alihesabu kikombe, mpokeaji alihesabu kukumbukwa. Na katika jaribio jingine, waliopewa kitu kwa wema wa mtu walipopewa nafasi ya kugawana fedha na mtu mwingine kabisa, walimgawia kwa mkono mkunjufu kuliko wale waliokipata kitu kilekile bila wema wa mtu.

Hapo ndipo wengi huishia: toa tu, usiogope, watafurahi kuliko unavyodhani. Ni kweli, na wewe ulistahili kuijua kweli hiyo kabla ya Jumamosi ile. Lakini angalia kikombe kilifikaje. Kilitoka kwenye kibanda ambacho kila mtu anakiona. Kilipelekwa na watafiti, wakamweleza mpokeaji kwamba mtu fulani pale, aliyekuwa kwenye utafiti, ameamua kumpa kinywaji chake. Swali la "anataka nini" lilijibiwa njiani. Sisi tunaoishi bila mtafiti wa kutusindikiza hatuna budi kulijibu wenyewe.

Sasa nije kwenye muwa, maana hapo ndipo ninapotaka ubaki na mimi.

Nyumbani kwenu jirani akileta sahani ya vitumbua, hairudi tupu. Mama yako anaiosha, anaweka ndizi mbili, au maembe, au hata limau moja, ndipo mtoto anatumwa. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini sahani ikirudi tupu kila mtu anaona kuna kitu kimekatika. Watafiti nao wameliona hili kwa njia yao. Mwaka 1971 Dennis Regan, mwanasaikolojia wa Marekani, alifanya jaribio ambalo mtu mmoja alitoka kidogo akarudi na soda mbili, akampa mwenzake moja bila kuombwa. Baadaye akamwomba amnunulie tiketi za bahati nasibu. Waliopewa soda walinunua karibu mara mbili ya wasiopewa, hata wale ambao hawakumpenda mtu yule. Kitu kidogo kisichoombwa huacha deni, na deni linauma zaidi pale usipojua utalilipia wapi.

Fikiri basi. Jirani ana mlango, sahani itarudi leo au kesho. Wewe kwa mzee yule wa muwa huna mlango. Hajui unakaa wapi, hatakuona tena. Umemwachia sahani mkononi asijue pa kuirudisha. Yeye, kwa akili ya utu uzima, akapata jawabu palepale: akakata muwa. Ungeupokea, mambo yangekuwa sawa kati yenu, mtu na mtu, mkono wa kushoto na wa kulia. Wewe ukasema hapana baba, sitaki malipo. Najua ulisema kwa moyo safi. Ila yeye hakuwa analipa. Alikuwa anakataa kuwa wa kupewa tu. Kati ya yote uliyoyasimulia, lile la mama wa nyanya litapona lenyewe, ila hili la muwa nataka ulishike.

Mimi nilifundishwa na mwanamke ambaye jina lake silijui. Zamani, kijana kama wewe, nilikuwa kwenye basi la kutoka mjini kwenda Mpwapwa, likaharibika mbele kidogo ya Mbande, jua la saa saba. Tukakaa chini ya mbuyu, abiria kama 40. Aliyekaa karibu yangu alikuwa na mtoto mgongoni na kikapu cha zabibu. Akanisalimu, "Mbukwa." Mimi si Mgogo, lakini nikaitikia, "Mbukwa." Tukakaa kimya kidogo. Akatoa kichala kimoja, akakishika kwa shina lake, akachuma punje mbili za upande wake akala. Kisha akakigeuza, upande ambao hajaugusa ukaja kwangu, akasema, "Karibu." Nikala. Kabla sijatafuta maneno ya kushukuru akasema, "Nishikie mtoto nifunge kanga vizuri." Nikampokea mtoto, mzito, mwenye jasho, akanivuta hereni. Basi lilipotengenezwa, karibu saa kumi, kila mmoja akapanda na mizigo yake na hakuna aliyekuwa anamdai mwenzake.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoyaona yote aliyoyafanya kwa kichala kimoja. Alitanguliza salamu. Alikula kwanza, mbele yangu, kutoka shina lilelile, kama wanavyofanya wazee wenye pombe ya kienyeji wanaoonja kabla ya kumpa mgeni ili ajue hakuna baya ndani. Alitoa alichokuwa anakula yeye mwenyewe. Na akaniomba kitu, papo hapo, kitu ambacho nilikuwa nacho, mikono miwili iliyo wazi. Akaichukua sahani yake.

Angalia pia neno alilotumia. "Karibu" ya mtu anayekula ndiyo zawadi ya Kiswahili niipendayo kuliko zote. Mtu anakula mhogo wake barazani, unapita, anasema karibu. Wewe unasema ahsante, nimeshiba, au endelea tu. Hakuna aliyekataliwa wala aliyeaibika. Kutoa kumefanyika, na mlango wa kukataa ulikuwa wazi tangu mwanzo. Kimfuko kilichofungwa, kinachonyooshwa hadi kifuani mwa mtu, hakina mlango huo. Akikataa amekutukana, akipokea ameingia asipopajua.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningefanya hivi. Nikiwa Jamatini nangoja gari, ningemwita kijana wa karanga, nikanunua mbili za mia tano mia tano mbele ya macho ya kila mtu. Nikaanza kula yangu, kisha nikamgeukia aliye pembeni: "Dada, karibu karanga. Leo natimiza miaka 30, sitaki kula peke yangu." Sababu ya kweli, fupi, inayoeleweka. Akisema nimeshiba, unamtakia safari njema, karanga zako ziko palepale. Akipokea, muulize jambo: gari la Ihumwa linachukua muda gani kujaa, au hiyo kanga yake kainunua wapi. Umemwachia nafasi ya kukupa kitu.

Ndani ya daladala kuna zawadi nyepesi kuliko zote: "Konda, na huyu mama." Unatoa nauli ya watu wawili, mmeshuka, imekwisha. Wakati huohuo yeye huenda alikuwa amekupakatia mkoba tangu mlipopanda. Hili huwa halihesabiwi na mtu, kwamba kwenye magari yetu watu wasiojuana wanapakatiana mizigo na hata watoto kila asubuhi, na hakuna anayeuliza unagombea nini. Wema kwa wasiojuana haujatutoka. Umevaa nguo za kila siku, ndiyo maana hauonekani.

Ukitaka usionekane kabisa, pitia kwa muuzaji. Mji wa Naples, Italia, una desturi ya mtu kulipia kahawa mbili akanywa moja, ya pili ikangoja yeyote atakayeingia akiwa hana kitu. Hapa tuna vijiwe vya kahawa na kina mama wa uji wa alfajiri pale stendi ya Nanenane. Mwambie mama, "Kikombe kingine nimelipia, mpe utakayeona anakihitaji." Yeye anawajua wateja wake, ataona nani amepiga hesabu ya sarafu mkononi akaghairi. Muuzaji anaaminika, kwa hiyo zawadi yako nayo inaaminika.

Kikadi kiache. Najua ulikiandika kwa upendo, kimoja baada ya kingine, mara 30. Lakini anayeniambia nina thamani bila kuniuliza nimeamkaje ananifanya nishtuke, na wako watakaodhani ni dhehebu au ni mambo ya mizimu na utajiri wa giza yanayosimuliwa mitaani. Shikamoo uliyompa yule mzee ilikwisha kumwambia hayo yote. Hukusema kama ulipiga picha, nami nakuamini hukupiga. Usipige kamwe. Uso wa mtu anayepokea ni wake. Nimeona picha za wazee wameshika kipande cha sabuni zikizungushwa mitandaoni, na sijui kama yupo mmoja aliyeulizwa.

Kiasi kisikusumbue. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton walichapisha jaribio ambalo watu walipewa dola 5 au dola 20 wazitumie siku hiyohiyo, wengine kwa ajili yao, wengine kwa mtu mwingine. Waliotumia kwa wengine waliimaliza siku wakiwa na furaha zaidi, na haikuleta tofauti kama ilikuwa 5 au 20. Ila hesabu yako ya 30 kwa siku moja ndiyo iliyokuponza. Mtu mwenye vitu 30 vya kumaliza anatazama mfuko, hatazami watu. Thelathini hizo zitawanye mwaka mzima.

Jambo moja ulitenge na haya yote. Mtu mwenye njaa si mtu wa kushtukizwa na karanga. Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi kabla ya mavuno ni migumu vijijini Bahi na Chamwino hata mwaka ambao mjini hatusikii kitu. Wagogo wana jina la njaa kubwa iliyoanza mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia hadi mwaka 1920, majeshi yalipokuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo: Mtunya. Penye kumbukumbu ya namna hiyo, chakula hakichezewi. Ukikutana na mwenye shida ya kweli, huo sasa ni msaada, na msaada una adabu zake: uwe wa kutosha kubadili kitu hata kwa siku mbili, utolewe pembeni bila macho ya watu, ikiwezekana kupitia jirani au mjumbe anayemfahamu. Na askari wa barabarani, muuguzi wa zamu au karani aliye na faili lako usiwape kitu kabisa, hata chupa ya maji, hata kama moyo wako ni mweupe. Washukuru kwa mdomo.

Hivyo vimfuko 19 vilivyobaki, vifungue vyote leo. Punje yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupe, na usiwape kuku, maana sumu ileile inawadhuru nao. Ukiona nyingi zimeharibika, fukia zote, karanga za mwezi mzima si za kuzihurumia.

Halafu Jumamosi nenda Majengo kwa mama yule wa nyanya. Usibebe kitu. Msalimie, mngoje amalize na mteja aliyemtangulia, nunua nyanya za elfu moja. Akikukumbuka na kukuuliza tena, mwambie ukweli, kwamba ilikuwa siku yako ya kuzaliwa na ulikuwa hujui namna. Atakufungia nyanya zako, na kama nawajua kina mama wa Majengo, atachukua moja nyingine, kubwa, aiweke juu kuwa nyongeza. Ipokee kwa mikono miwili.